Aibu Ziko Nyuma ya Kadi

Otieno, mlinzi wa getini, ndiye aliyenishikia bango niwaandikie ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi za kutunza vitu vya watu hapa Doha. Nilimwambia mimi nikishika kalamu nitatukana. Akasema, "We tukana tu, Mzee, bora uandike." Basi naandika. Kazi nimeiacha mwezi uliopita, tiketi ya Unguja ninayo, na chumba changu cha Al Mansoura kimebaki na godoro, sanduku moja na birika la umeme. Nililipwa nini na nilipandishwa cheo lini si habari ya kuwashughulisha. Nitawaeleza habari ya sarafu za fedha, na jinsi sarafu moja ilivyonifanya niitwe mwizi mbele ya watu, jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka chai hainishuki.

Jina langu Mbarouk. Kwenye nyumba niliyoitumikia, mtaa wa Abu Hamour, wote waliniita Mubarak, na miaka ya mwanzo nilikuwa nawarekebisha, kisha nikaacha. Nilikuja mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kuwa dereva wa mzee mmoja mwenyeji, tukimwita Bu Rashid kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alikuwa mgane, mpole, mwenye sauti ndogo, na ndani ya gari hakutaka redio. Nilidhani nimepata kazi ya kulala.

Wiki ya kwanza tulikuwa tumesimama kwenye taa, yeye kiti cha nyuma. Nikasikia mlio: kitu cha fedha kimegongwa kwa kalamu. Sikugeuka. Nikasema kwa Kiarabu changu cha kuokoteza, "Hiyo nzima, baba." Akagonga nyingine. Nikasema, "Hiyo imechanganywa na shaba nyingi." Akaniamuru niegeshe pembeni, na nyuma yetu watu wanapiga honi kama tumewazuia wasiende Makka. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia baba yangu alikuwa sonara Mkunazini, kwetu Unguja, na mimi nimekulia chini ya meza yake ya kazi, nikisikiliza reale, sarafu za fedha za kale, zikigongwa kabla ya kuyeyushwa ziwe vikuku. Baba alikuwa haamini macho, aliamini sikio. Siku ile ndipo nilipoacha kuwa dereva tu, ingawa kwenye karatasi za ukaazi nimebaki dereva mpaka mwisho.

Bu Rashid alikuwa akikusanya sarafu za fedha za Wareno, na si zote, bali za wakati wa vita vyao wenyewe kwa wenyewe, miaka ya 1830 hivi. Wageni walimcheka. Wenzake walikusanya lulu, panga na vyombo vya falaki, yeye anahangaika na ugomvi wa watu wa mbali. Lakini alivyonieleza mimi, ugomvi ule niliuelewa mara moja, maana kwetu ungeweza kutokea kwenye nyumba yoyote yenye mirathi. Mfalme kafa. Mwanawe mkubwa yuko Brazili, ana ufalme wake huko, akasema kiti nampa binti yangu Maria. Binti ni mtoto wa miaka saba. Baba yake mdogo, Migueli, akaapa atamshikia kiti, kisha akakikalia mwenyewe. Wakapigana miaka, na kila upande ukapiga fedha yake: ya ami ina jina la ami, ya binti ina jina la binti. Ukiziweka mkononi uzito ni ule ule na ngao ni ile ile yenye taji juu. Upande wa pili zote zina msalaba na maneno ya kuahidi ushindi. "Wote wawili wameahidiwa," Bu Rashid alikuwa akisema, na kila mara alicheka peke yake.

Alinifundisha kazi, na alinifundisha vizuri. Sarafu hushikwa ukingoni kwa vidole viwili, usoni haiguswi. Meza hutandikwa kitambaa kinene ili ikianguka isiumie. Haisuguliwi kwa chochote, na hapa tuligombana, kwa sababu mimi nimekulia kwenye ndimu na majivu, na fedha nyeusi kwetu ni uchafu wa mwenye nyumba. Akanionyesha kwa kioo cha kukuzia: weusi ule ndio ngozi yake, ukiuondoa umeichuna. Ilinichukua mwaka mzima mkono wangu uache kuwasha nikiona sarafu nyeusi. Tulikuwa na mizani ndogo, kioo, kalamu ya mbao ya kugongea, na kabati la droo kumi na mbili. Kila sarafu ilikuwa na kadi yake. Mbele ya kadi Bu Rashid aliandika kwa Kiarabu, kwa mwandiko ambao ungedhani umechapwa: mfalme gani, mwaka gani, uzito, na ilipatikana wapi.

Nyuma ya kadi ndipo palikuwa pangu. Ilianza hivi. Mzee alipenda sarafu zake kama mtu anavyopenda watoto, na kasoro zao zilimuuma. Wageni wake wa majilisi, yaani barazani kwake, wakusanyaji wenzake, walikuwa wakifungua droo na kusoma kadi, na hakutaka wasome kwamba hii imekwanguliwa na ile ni ya bandia. Lakini kudanganya pia hakutaka. Akaniuliza kama najua kuandika lugha yangu kwa herufi zao. Nikamwambia nimesoma chuoni, chuo cha Kurani, kwa Maalim tangu nina miaka mitano, na barua zote za marehemu bibi yangu zilikuwa za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akafurahi sana. Tangu hapo aibu za sarafu ziliandikwa nyuma, kwa mkono wangu. Mgeni akigeuza kadi anaona herufi anazozijua, anatamka tamka, haambulii kitu, anaona haya kuuliza. Jioni baada ya alasiri nilikuwa namsomea mzee nilichoandika na kumweleza maana, naye chini yake anatia alama yake ndogo kwa kalamu ya wino wa kijani. "Andika ulichokiona," alikuwa akiniambia. "Unachokidhani kiache mdomoni."

Ilikuwa kiburi kidogo cha mzee, na mimi nilikisaidia. Nitalirudia hili, maana na yeye ana lake la kulaumiwa.

Katika droo ya nne kulikuwa na sarafu moja ya Maria aliyoipenda kuliko zote. Aliinunua Lisboni ujanani, yeye na mkewe, na mkewe ndiye aliyeichagua kutoka sinia zima la sarafu lililokuwa mezani. Mwaka wangu wa pili nikaigonga. Ililia kama kijiko cha bati. Nikaigonga tena nikijiombea nimekosea. Nikaitazama kwa kioo juu ya taji, nikaona duara dogo, jembamba kama unywele. Sarafu ile ilikuwa imetobolewa, ikavaliwa na mwanamke shingoni kwa mkufu, kisha fundi hodari akaliziba tundu kwa fedha na kuchonga upya mistari ya taji. Baba yangu angempa mkono fundi yule.

Nilimwambia Bu Rashid. Aliigonga mwenyewe mara moja, akaiweka. Machozi yalimtoka, mtu mzima wa ndevu nyeupe. Akasema, "Iandike. Lakini usinisomee kila mara." Nikaandika, akatia kijani chake, na kadi ikageuzwa uso juu. Mbele ilibaki vile vile, imependeza kama harusi.

Tulifanya kazi hivyo miaka zaidi ya kumi. Kisha mzee akapata kiharusi. Upande wa kulia ukafa na sauti ikaondoka. Alibaki kitandani chumba cha chini, macho wazi, anakutambua, lakini hawezi kushika hata kijiko. Mwanawe Rashid akachukua nyumba na kabati. Rashid si mtu mbaya, nataka niwe mkweli. Ni mtu wa haraka. Sarafu hazikumvutia, aliziona kama samani za baba. Akamleta Mtaalamu kutoka Ulaya azipange upya na azitengenezee kitabu chenye picha.

Huyu Mtaalamu jina lake ninalo, lakini silitii kwenye karatasi yangu. Alikuja na sanduku la vifaa na manukato yanayomtangulia chumbani. Siku ya kwanza aliniuliza, "Gari iko wapi?" Nikamwambia mimi ndiye mtunzaji. Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto anayesema yeye ni rubani. Alipofika kwenye droo ya nne na kuishika ile ya Maria, akaishika usoni kwa dole gumba lote. Nikamwambia kwa adabu kabisa, "Bwana, hiyo ina tundu lililozibwa. Ukiigonga utasikia." Hakuigonga. Alisema sarafu hazigongwi tena siku hizi, huo ni ushamba wa sokoni, na akaniagiza kahawa. Kwenye kitabu chake akaandika kwamba ile ndiyo sarafu bora kuliko zote kabatini, haina dosari hata moja. Nilimwona akiandika, na kahawa nilimletea.

Kitabu kikatoka. Mzee mmoja mkusanyaji mwenye shamba huko Umm Salal akaisoma sifa ile, akataka kubadilishana: yeye atoe sarafu tatu adimu za ami mtu, apewe ile moja ya binti. Rashid akakubali palepale. Siku ya tatu yule mzee wa Umm Salal akarudi nayo. Hakuja kwa hasira. Aliketi majilisini, akatoa kalamu mfukoni, akaigonga mbele ya watu wote. Ikalia bati. Akasema, "Mwanangu, baba yako asingenipa hii," akainuka akaondoka bila kunywa kahawa. Kwa watu wa pale, mgeni kuondoka bila kahawa ni kofi.

Mtaalamu aligeuka rangi. Mtu mwenye haya angesema nimekosea. Yeye alisema, "Hii siyo sarafu niliyoiandika mimi. Imebadilishwa." Na ufunguo wa kabati alikuwa nao nani? Mimi. Wote wakanitazama.

Vijana wangu, nimewahi kunyimwa likizo, nimewahi kulala njaa, nimewahi kuzika mama yangu kwa simu. Sijawahi kuumia kama dakika ile. Rashid, niliyekuwa nikimpeleka na kumrudisha chuo kikuu, aliyekuwa akilala usingizi kwenye kiti cha nyuma nami sipigi honi asiamke, aliniuliza bila kunitazama: "Ya Mubarak, ile ya asli iko wapi?" Nikamwambia hii ndiyo ya asli, na nilimwonya Mtaalamu. Nikageuza kadi nikamwonyesha nyuma. Akajaribu kutamka herufi, akashindwa. "Shinu hadha? Hii ni nini? Si Kiarabu hiki." Mtaalamu akasema huenda nimeyaandika jana. Rashid akaninyang'anya ufunguo. Pasipoti yangu alikuwa nayo tayari. Akanipa mpaka Ijumaa niirudishe sarafu, la sivyo polisi.

Kuanzia hapo nilipekuliwa kila nikiingia na kutoka. Aliyeamrishwa kunipekua ni Otieno, Mkenya wa Kisumu, tuliyekuwa tukigawana chapati kila asubuhi.

"Mzee, nisamehe," alisema siku ya kwanza, mkono ukiwa ndani ya mkoba wangu. "Nimeambiwa. Si mimi."

"Pekua, mwanangu. Pekua vizuri, usije ukaambiwa na wewe umeshirikiana nami."

"Lakini Mzee, wewe si ulinishow hiyo coin kitambo sana? Ukaniambia imezibwa? Mimi naeza waambia."

"Watasema sisi sote Waafrika, tumepanga."

"Aki hawa watu," alisema, akafunga zipu ya mkoba taratibu kama anafunika maiti.

Nilipokuwa nimelala chali chumbani Al Mansoura nikitazama feni, ndipo nilipomkumbuka Bi Zuwena. Huyu alikuwa mpishi wa nyumba ile, mama wa Kipemba, miaka minane jikoni na chumba cha sarafu hajawahi kukikanyaga, kwa sababu Bu Rashid aliogopa mafuta ya jikoni kuliko wezi. Naye kasoma chuoni kama mimi. Nikamwambia Rashid siku ya Alhamisi: usinisikilize mimi, mwite yeye. Chagua kadi mwenyewe, yoyote. Akisoma, itoeni sarafu mtazame kama nilichoandika kipo. Mtaalamu alianza kupinga, lakini Rashid alikuwa na chembe ya baba yake. Akamwita.

Bi Zuwena akaja anafuta mikono kwenye kanga, kavimba. "Mie nna mchuzi jikoni. Mwaniitia nini?" Nikakatazwa kusema neno. Rashid akavuta kadi ya droo ya kwanza, akampa upande wa nyuma. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti ya chuoni, ya kuvuta, kisha akawageuzia kwa Kiarabu cha Ghuba.

"Hii imesuguliwa na mjinga kwa unga wa mchanga. Mikwaruzo yaenda upande mmoja."

Wakaitoa sarafu, wakaiweka chini ya kioo. Mikwaruzo, upande mmoja. Rashid akavuta nyingine, droo ya saba.

"Hii imepinda ukingo, upande wa saa tisa. Mtu kaiuma kwa meno kuijaribu." Bi Zuwena akanitazama. "Kwani walikuwa na njaa hawa?"

Ukingo ulikuwa umepinda. Akavuta ya tatu, droo ya kumi na moja.

"Hii ya bandia, ya kiwandani. Mzee kaliwa." Akaziba mdomo kwa kanga. "Astaghfirullahi, mie nasoma tu."

Mtaalamu alikuwa ameiweka hiyo ya bandia kwenye jalada la kitabu chake. Nilikuwa nimekatazwa kusema, lakini naungama moyo wangu ulipiga vigelegele.

Kisha Rashid akampa kadi ya Maria. Bi Zuwena akasoma mara ya kwanza kimya, na nikaona uso wake unalegea. Akasoma kwa sauti: "Tundu juu ya taji limezibwa kwa fedha. Kazi ya fundi bingwa. Mlio wake umekufa. Mwanamke aliivaa. Mzee kalia leo, kwani marehemu mkewe ndiye aliyeichagua. Isitoke nyumbani humu."

Alipogeuza maneno ya mwisho kwa Kiarabu, Rashid alinyoosha mkono akaichukua kadi. Hakujua kwamba sarafu ile ilikuwa ya mama yake. Aliitoa kwa mtu kwa sababu kitabu kiliisifu. Akatazama chini ya maandishi, kwenye alama ya kijani ya baba yake. Alama ile ilitiwa na mkono uliokuwa sasa umelala chumba cha chini, haushiki hata kijiko. Hata Mtaalamu hakuweza kusema imeandikwa jana.

Mnadhani nini kilifuata? Rashid alirudisha ufunguo mezani, mbele yangu, akasema, "Khalas, ya Mubarak, yamekwisha. Rudi kazini." Basi. Akatoka. Neno "samahani" ni jepesi, mtoto anaweza kulibeba, lakini hakuliokota. Pasipoti yangu ilibaki kwenye kasha lake pale pale ilipokuwa. Baada ya wiki Mtaalamu akanijia na tabasamu, akaomba nimtafsirie migongo yote ya kadi. Nilimtafsiria, kwa sababu Rashid aliniamuru. Chapa ya pili ya kitabu ikatoka na kasoro zote, moja baada ya nyingine, tundu la Maria nalo limo, na mwanzoni kaandika kwamba hayo ni matunda ya uchunguzi wake mwenyewe. Nilitafuta jina langu kwenye kurasa za shukrani. Nilimkuta mpiga picha. Nilimkuta mwenye hoteli.

Bi Zuwena aliniambia, "Ondoka, Mbarouk, hawa si watu wako. Wakaa wangoja nini?" Nilimwambia nangoja mzee. Kila alasiri nilikuwa nashuka chumba cha chini na droo moja, nagonga sarafu karibu na sikio lake lililo zima, moja moja, nzima na mbovu. Ile ya Maria nilikuwa naipita. Siku moja alinikamata mkono kwa ule wake wa kushoto, akaiashiria mwenyewe kwa macho. Nikaigonga. Akafumba macho akalisikiliza bati lile mpaka likaisha. Nilimsamehe hapo, kwa sababu nami nilikuwa na hasira naye. Kama aibu ile angeiandika mbele, kwa Kiarabu, nisingepekuliwa kama kibaka. Alificha kasoro ya sarafu, na mimi nikaibeba. Mungu amrehemu. Alikufa mwanzo wa kiangazi, na mimi nikaandika barua ya kuacha kazi baada ya arubaini.

Ninachowaachia ni kidogo. Shikeni vitu vya watu ukingoni. Jifunzeni kusikiliza, hata mkiambiwa ni ushamba. Kila mnachokigundua kiandikeni siku hiyo hiyo, na mwenye mali atie alama yake, kwa sababu siku ya kuulizwa hamtaulizwa mlikuwa waaminifu miaka mingapi.

Siku yangu ya mwisho Rashid alinipa saa ya mkononi ndani ya boksi, akanibusu bega, akasema nyumba hii ni yako. Nikamshukuru. Kisha nikaomba nikafunge kabati kwa mara ya mwisho, akaniruhusu, akaenda kuzungumza kwenye simu. Nikavuta droo ya nne, nikaitoa kadi ya Maria, nikaigeuza. Chini ya alama ya kijani palikuwa na nafasi ya mistari mitatu. Nikaandika kwa herufi zile zile, kwa mkono ule ule: "Kwa sarafu hii Mbarouk, mwana wa sonara, aliitwa mwizi mbele ya watu. Hakuiba. Mwenye nyumba alijua kwamba hakuiba, na hakumwomba radhi."

Mzee angenihoji kama nimekiona au nimekidhani. Nimekiona. Kalamu yake ya kijani ilikuwa bado kwenye kikombe chake, nikaijaribu kwenye ukucha, ina wino. Nikatia alama yangu, nikairudisha kadi uso juu, nikafunga droo. Rashid hawezi kuisoma. Wapo watakaoweza, na kazi yangu ile imeshatangazwa, wanatafuta mtu; huenda akawa mmoja wenu.